Jirani Aliyeandikwa katika Rejista

Ukitaka kujua Major alikuwa mtu wa namna gani, anza na ukuta wake. Nyuma ya meza yake, pale kwenye dispanseri ya upande wa Manika hapa Kolwezi, alibandika karatasi mbili kubwa alizoandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi za bluu zilizonyooka kama zimepangwa na fundi wa matofali. Ya kushoto ilikuwa na mambo ambayo muuguzi, infirmier wa daraja lake la chini, A3, anaruhusiwa kufanya: kuosha kidonda, kupiga sindano iliyoandikwa na daktari, kutoa dawa ya malaria na ya minyoo, kuzalisha mama ambaye mtoto wake anakuja vizuri, kichwa mbele. Ya kulia ilikuwa na asiyoruhusiwa, nayo ilikuwa ndefu mara mbili: kushona kidonda kilichozama, kutoa mtoto anayekuja miguu mbele, kung'oa jino, kurudisha mfupa mahali pake, na mengine mengi.

Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, pale pale kwenye benchi. Siku moja nilimsikia mama mmoja aliyevimba shavu akiuliza jino lake liko karatasi gani. Wakamwambia liko kulia. Alifikiri kidogo, akainuka, akahamia mwisho wa benchi upande wa kushoto, akakaa kungoja zamu yake.

Tulimwita Major kwa sababu huku kwetu infirmier mkubwa wa mahali huitwa hivyo. Hakuwahi kushika bunduki. Alikuwa mfupi, shingo nyembamba, miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikotoka sikumuuliza, na ukoo wake haunihusu. Watu wengine walimwita munganga, yaani daktari, na hilo hakulikubali hata mara moja. Mgonjwa angeweza kuwa anakata roho, Major angemrekebisha kwanza.

"Mi siko munganga, tata. Munganga iko ku lopitalo. Mi niko infirmier."

Nami niseme mimi ni nani, ili ujue maneno haya yanatoka wapi. Nilifika Kolwezi na shati moja, sikumaliza darasa la nne, na leo nina malori matatu. Mawili yanakwenda Mutshatsha kuchukua makala na mihogo, la tatu linafika hadi Dilolo mpakani. Watu waliosoma mpaka macho yakaharibika wanakuja kwangu kuomba nafasi juu ya mizigo. Sisemi kujivuna. Nasema tu kwamba sikufundishwa kuheshimu karatasi. Leseni ya kuendesha niliipata baada ya kuendesha miaka sita, na kibali cha biashara nilikichukua siku waliponiletea mtu wa kukidai. Kwangu mimi kazi huja kwanza, karatasi inafuata nyuma ikikimbia. Kwa Major ilikuwa kinyume, na kwa sababu hiyo tulibishana kwa furaha miaka yote.

Nakumbuka tulivyokwenda naye Mutshatsha mara moja, alikuwa anapeleka dawa za kusafishia vidonda. Njiani basoda wa jeshi walikuwa wameweka mti barabarani. Nikajua la kufanya. Nikatoa kichwa dirishani nikawaambia taratibu kwamba ndani kuna Major. Soda akanyooka kama msumari, akapiga saluti, mwenzake akakimbia kuinua mti. Tungepita bila neno. Lakini Major akatoa shingo yake upande wa pili.

"Bwana soda, mi siko major wa jeshi. Niko infirmier, A3."

Walitushusha. Walipekua kila gunia, wakafungua kila chupa wakainusa, na tulikaa kwenye jua hadi saa kumi. Walipotuachia niliendesha nikipiga kila shimo la barabara. Karibu na Mutshatsha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Kama bangeniomba niende kuongoza vita, wewe ungejibu nini?"

Alikuwa na desturi zake. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, kwa brashi, polepole, hata kama ni mtoto mwenye upele mmoja tu. Kucha alizikata kila Jumapili kabla ya misa. Ukimkuta sokoni ukamwambia tumbo linakuuma, alikuangalia kana kwamba umemtukana, akasema dispanseri ina mlango, na mlango unafunguliwa saa moja asubuhi. Alikuwa akisema pia kwamba dawa inayotolewa barabarani inaponya barabara. Maneno yake mengi yalikuwa hivyo, unacheka, halafu ukifika nyumbani unaanza kuyafikiria.

Na alikuwa na ya kuchekesha. Alitupiga sindano sisi wote, akatuambia hata batoto hawalii, lakini yeye mwenyewe aliziogopa sindano kama anavyoziogopa mtoto wa miaka mitatu. Malaria ilipomkamata, mama wa kuzalisha, yule aliyefanya naye kazi, ilibidi aite watu wawili wamshike. Nilikuwa mmoja wao. Nyumbani kwake alikunywa mizizi ambayo mkewe aliichemsha kwenye chungu, yeye aliyekuwa akiwafokea wagonjwa kwa sababu ya mizizi. Nikamuuliza anawezaje. Akaniambia kwamba kwake ni bwana wa bibi yake, siyo infirmier, na bwana anakunywa anachopewa.

Hapo ndipo nilipaswa kumwelewa mapema. Mtu huyu alikuwa amejigawa sehemu, na kila sehemu ilijua mpaka wake.

Nilielewa siku mke wangu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wetu wa tatu. Ilikuwa mchana, jua kali, vumbi jekundu la migodi limelala juu ya kila kitu. Nilimpakia kwenye lori nikampeleka kwenye lopitalo, hospitali ya kampuni ya migodi, ile yenye vitanda vyeupe na daktari wa kweli. Mlinzi getini akaniomba nambari ya kazi. Lopitalo ile ilikuwa ya wafanyakazi na familia zao. Nikamwambia mimi siajiriwi, mimi ndiye ninayeajiri. Akaniambia vizuri sana, tata, lakini nambari. Kwa miaka yote nilikuwa nawacheka watu wa Kasai waliokuwa jirani zangu, wanaoamka na honi ya kampuni na kulala na honi ya kampuni. Siku ile ningempa mmoja wao malori yangu yote kwa nambari yake.

Tukaenda kwa Major. Alimpima mke wangu, akatoka, akasimama mbele ya karatasi ya kulia na kuisoma, yeye aliyeiandika.

"Miguu iko mbele," akasema. "Anapaswa kwenda kwa munganga."

Daktari wa serikali alikuwa Lubumbashi tangu Jumatatu, kwenye mkutano. Barabara ya Lubumbashi, kwa hali yake ya wakati ule, ni siku nzima. Nilimwambia Major afanye yeye. Akasema infirmier haruhusiwi. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu mke wangu huyu anajua kusoma. Hakukasirika. Alianza kuvua koti lake jeupe. Vifungo vitano, kimoja kimoja, mimi ningelirarua. Akalitundika kwenye msumari karibu na mlango, akanawa mikono kwa ile brashi yake, akamwambia mama wa kuzalisha kwamba infirmier ametoka. Kisha akanigeukia.

"Jirani, saidia kusukuma ile benchi. Jirani yako niko hapa."

Sitaelezea mengine. Binti yangu alizaliwa, akakaa kimya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama barabara ya Dilolo, halafu akalia. Major alikuwa na jasho mpaka kwenye uzi wa miwani. Hakuwahi kumvuta. Alimwacha mtoto ajishushe kwa uzito wake mwenyewe, mikono yake miwili ikiwa chini tu, inangoja, na kila mara mama wa kuzalisha alipotaka kusaidia alimkataza kwa kichwa. Baadaye alinawa tena, akavaa koti, akafunga vifungo vitano, akakaa mezani na kufungua rejista. Aliandika huku akijisomea kwa sauti: mtoto anakuja miguu mbele, infirmier ameagiza mama apelekwe kwa daktari, kabla ya safari mama amesaidiwa na jirani, wote wazima.

Nikamuuliza mchezo huu ni wa nini. Koti ni kitambaa. Mikono ni ile ile.

"Siku nitazoea kufanya hii kazi na koti," akasema, "nitasahau kama haiko yangu."

Basi nilianza kuangalia, nikakuta hakufanya hivyo kwa ajili yangu tu. Msumari ule karibu na mlango ulikuwa umelegea kwa kutundikwa koti. Jino la yule mama aliyehama benchi liling'olewa na jirani. Mguu wa mtu wa baiskeli ulinyooshwa na jirani. Na mtaani watu walijua dalili. Mgonjwa akiona Major anaanza na kifungo cha juu, ndugu zake walishukuru Mungu na wakati huo huo waliogopa, maana walijua mambo ni mazito.

Sitaki udhani jirani aliweza kila kitu. Kulikuwa na mtu wa makala kutoka barabara ya Mutshatsha, chuma kilimwingia tumboni alipoanguka kutoka juu ya mzigo. Haukuwa mzigo wangu, nashukuru. Major alivua koti, akamshona. Siku ya tatu yule mtu alikufa. Niliona mwenyewe alichoandika: "Jirani alishona. Infirmier angengoja gari ya kumpeleka Lubumbashi. Amekufa." Nilimwambia kwamba Lubumbashi pia angekufa, njiani, kwenye mashimo. Akasema pengine, lakini hapo angekuwa amekufa kwa karatasi ya kushoto. Sikumwelewa, na nilimwambia kwamba simwelewi. Alinijibu kwamba yeye pia.

Sasa nifike kwenye mkaguzi.

Alikuja asubuhi, daktari kijana, suti ya abakosi safi ya kijivu, kalamu mbili mfukoni. Wakubwa walikuwa wametoa kanuni mpya: kila dispanseri lazima iongozwe na mtu wa A2 kwenda juu, na kila kazi iliyofanywa lazima iwe ya daraja la aliyeifanya. Kijana huyo alikuwa anapita mahali kwa mahali kuangalia. Hakuwa mtu mbaya. Aliomba rejista, akakaa, akaisoma tangu mwanzo kama mtu anayesoma barua kutoka kwao. Mimi nilikuwa kwenye benchi kwa ajili ya kikohozi. Mama wa kuzalisha alikuwa anakunja vitambaa. Major alisimama karibu na meza, koti limefungwa mpaka juu.

Karibu na saa sita mkaguzi akainua kichwa.

"Citoyen," akamwita Major, kama watu wa serikali walivyomwita kila raia, "huyu jirani ni nani?"

Major aliangalia ule msumari karibu na mlango. Kusema uongo hakuweza, tulishaona pale kwenye mti wa basoda. Kusema kweli ilikuwa ni kujifungia mlango mwenyewe.

Mkaguzi akaendelea, taratibu tu. Alisema jirani huyo anashona, anang'oa meno, anazalisha miguu mbele, na hana diploma yoyote iliyoandikwa popote. Alisema anatoka mahali ambapo jirani wa namna hiyo alimpiga mama mmoja sindano, na mama alikufa kabla sindano haijatoka mkononi. Alisema hataondoka Kolwezi bila kumwona mtu huyo.

Hapo nikasimama mimi.

Mdomo wangu umenifungulia milango mingi katika maisha. Mdomo huu ndio ulionipatia lori la kwanza. Nikawaza, mkaguzi anataka jirani, apewe jirani, ataandika jina, ataenda zake, na mtu mkubwa kama mimi hawatamfanya kitu.

"Dokta," nikasema, "jirani njo mi."

Aliangalia mikono yangu. Ilikuwa na oili ya injini kwenye kila mkunjo. Akaniuliza, bila kucheka, mtoto akija miguu mbele ninafanyaje. Na mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu, kwa hiyo nikamjibu: huvuti, unamwacha ajishushe kwa uzito wake, mikono yako iko chini inangoja, na mtu yeyote akitaka kukusaidia unamkataza. Akashangaa. Akaandika. Nami nilipoona anaandika nikapata nguvu. Nikamwambia meno pia ni kazi yangu, na mifupa, na kwamba watu wanakuja kwangu hata kutoka Musumba. Mama wa kuzalisha aliinamisha uso kwenye vitambaa. Major alinitazama kama unavyomtazama dereva anayeingia mtoni bila kupima maji.

Mkaguzi akafungua ukurasa mwingine, akaweka kidole.

"Na huyu wa tumbo? Ulimushona wewe?"

Nilikuwa nimeshaenda mbali mno kurudi nyuma. Nikasema ndiyo.

"Alikufa," akasema. Akafunga rejista. "Basi haya hayako tena mambo ya dispanseri. Ni mambo ya tribinali. Utakuja na mi leo."

Nilitafuta benchi kwa mkono. Mtu mkubwa mwenye malori matatu, nikaona mahakama na gereza lote mbele yangu, na ndani yake hakuna mtu anayejua mimi ni nani. Nikafungua mdomo ule ule, haukutoa kitu.

Major akapiga hatua moja mbele.

"Dokta, huyu tata anaendesha lori. Hajashona hata kifungo cha shati yake. Jirani njo mi."

Alisema akiwa na koti lake mwilini. Hakugusa hata kifungo.

"Wewe ni jirani wa nani?"

"Wa bote."

Mkaguzi alivua kofia ya kalamu, akairudisha. "Kwa hiyo infirmier na jirani ni mtu mmoja."

"Mutu mumoja, dokta. Lakini infirmier alikataa kila mara. Soma, iko imeandikwa."

Mama wa kuzalisha alicheka, akajifunika mdomo kwa kitambaa. Mkaguzi hakucheka. Alifungua tena ule ukurasa wa mtu wa makala akausoma mara ya pili, kisha ya tatu. Akasema kama Major angeandika tu kwamba mgonjwa ameondoka, yeye asingejua chochote.

"Njo ile," Major akajibu. "Haungejua."

Hakumpeleka tribinali. Alimsimamisha kazi. Major asiguse mgonjwa mpaka atakapokwenda mbele ya jopo la mtihani la Lubumbashi na kupata A2, na kama hatapata, basi kazi imekwisha. Wakati wa kuondoka alimpa mkono, na akaushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida ya mkaguzi.

Kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii kwenye meza za watu kwamba nilimtetea Major mbele ya mkubwa. Nilimtetea, ni kweli, mashahidi wapo. Lakini kama ningeendelea na kikohozi changu nikanyamaza, mkaguzi angemtafuta jirani mtaani, na mtaa wetu ungemzungusha mpaka achoke arudi Lubumbashi. Mimi ndiye niliyemleta jirani mezani. Haya ninayaandika kwa mara ya kwanza.

Tulidhani kusimamishwa kutamfanya awe jirani wa kila siku. Ungefikiri hivyo, sivyo? Hana tena koti, hana daraja, hana ukuta, afanye anavyotaka. Watu walikwenda nyumbani kwake na majeraha yao. Alikaa barazani, mikono juu ya magoti, akakataa wote. Mke wa mwalimu alimletea mtoto aliyekatwa na bati, akamsihi, akamkumbusha kwamba yeye ni jirani.

"Mama, jirani alikuwa anatoka mu infirmier," akamwambia. "Sasa infirmier haiko. Sina koti ya kuvua."

Walimtukana. Walisema amekuwa na kiburi, wengine wakasema ameogopa. Mtoto wa mwalimu alishonwa na mtu wa sokoni mwenye sindano ya magunia, akapona, lakini ana kovu mpaka leo kama reli. Mimi nilikwenda kumwona nikiwa na mpango mkononi. Nilijua mtu katika ofisi fulani, jina lake halina kazi hapa, ambaye angemtengenezea A2 yenye mhuri kabla ya Ijumaa. Nilitaka kulipa mimi. Nilikuwa nadaiwa, ingawa si kwa pesa.

"Ile karatasi itamuruhusu nani?" akaniuliza. "Mi, ao ule mwenye kuiandika?"

Nikamwambia karatasi zangu mimi nyingi zimepatikana hivyo hivyo na malori yanatembea. Akasema ndiyo sababu yeye husafiri nami akiwa ameshika mlango.

Alisoma. Mtu mwenye mvi, na daftari la shule, kwenye baraza lake, kila siku baada ya chakula cha mchana. Vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kufunga bandeji sasa walikuwa A1, wakampitia na vitabu vyao na kumweleza mambo aliyokuwa akiyafanya kabla hawajaota meno. Aliwasikiliza, akaandika. Siku ilipofika nilimpeleka Lubumbashi kwa lori langu, bure, nikamngoja nje ya geti tangu asubuhi.

Alitoka akiwa na sura ya mtu aliyepoteza kitu asichokijua. Nikamuuliza. Akasema swali la kwanza lilikuwa lile: mama yuko mbali na lopitalo, mtoto anakuja miguu mbele, unafanya nini? Alikaa mbele ya swali hilo karibu nusu saa. Mikono yake ilikuwa inajua jibu lote, tangu kidole cha kwanza. Mwishowe akaandika: ninamtuma kwa daktari. Swali la pili akaandika hivyo hivyo, la tatu pia, kila palipokuwa na jambo lisilo la A3, daraja alilokwenda nalo.

Matokeo yaliposomwa jioni, alikuwa wa kwanza kati ya wote. Walimsifu hadharani kwa kujua mpaka wake.

"Banilipa pointi," aliniambia tukiwa njiani kurudi, "juu ya batu benye singeponyesha."

Ungedhani hapo ilikwisha. Lakini A2 yenyewe, ile karatasi ya kweli, ilipaswa kwenda Kinshasa kutiwa sahihi. Ilikwenda. Ilikaa huko misimu mingi ya mvua. Kila nilipopita barazani kwake nilimkuta amekaa, na nilianza kupita njia nyingine. Ilipofika hatimaye, ilikuwa na mihuri mitatu, na ilimruhusu yote yale aliyokuwa amevulia koti: kushona, kuzalisha miguu mbele pale ambapo daktari hayuko. Kolwezi hapakuwa tena na nafasi. Wakampeleka Mutshatsha.

Nilimwona mara ya mwisho huko. Tulikuwa tunapakia makala, ndoano ya kamba ikafyatuka, ikanichana juu ya jicho mpaka mfupa ukaona jua. Watu wangu walinibeba. Dispanseri ya Mutshatsha ni chumba kimoja na veranda, karibu na reli. Major alikuwa pale, amepungua, nywele zote nyeupe, na pamoja naye infirmière mmoja, mama wa miaka thelathini hivi, mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Major aliniangalia kwanza mimi, kisha kidonda.

"Imezama," akasema.

Nilifurahi, damu na yote. Nikamwambia sasa mambo ni sawa, sasa ana ruhusa, anishone yeye mwenyewe, nataka mkono wake na si wa mtu mwingine. Alinyoosha mikono yake mbele yangu ili niione. Ilikuwa inatetemeka, yote miwili, si sana, lakini bila kupumzika, kama gari lililosimama na injini inafanya kazi.

"Ruhusa ilifika," akasema. "Mikono haikuingoja."

Akamwambia yule mama achukue sindano. Mama akarudi nyuma hatua moja.

"Tata Major, mi niko A3. Hii haiko yangu."

Nilimwona Major akimtazama. Kama ningekuwa sijui furaha inavyokaa kwenye uso ule, ningesema amekasirika.

"Najua, mama. Iko yangu. Mi nasimama hapa. Shona."

Alisimama karibu sana, nikanusa sabuni yake. Mama alishona, na yeye alimwongoza kwa maneno mafupi: kwanza ndani, sasa juu, usivute, ngoja damu. Niliwaambia siumwi. Niliumwa mpaka kwenye vidole vya miguu. Mishono sita. Alipomaliza Major akainama, akaangalia muda mrefu.

"Mi ningeshona tano."

"Nitoe moja, tata?"

"Acha."

Kisha ikabaki fomu. Mgonjwa aliyeshonwa lazima awe na sahihi ya mwenye daraja. Mama aliiandika yote kwa haraka, akaiweka mezani, akampa kalamu. Major alikaa. Akaishika kwa mkono wa kulia, akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaanza. Sahihi ile ilimchukua muda mrefu kuliko mishono yote sita. Yule mama alitazama pembeni, mimi nikatazama reli, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu ndani ya chumba kile hakukuwa na mwingine aliyeruhusiwa.